Majina Uliyokataa Kunipa

Mwanangu Somoe, jina la mama yangu,

Assalaam aleikum. Mimi huku kwenye miwa ni mzima, ukiacha kiuno. Kiuno hakijawahi kuwa kizima tangu nianze kazi hii, kwa hiyo tusikihesabu.

Kesho asubuhi unatakiwa upande gari la Dar, na kutoka Dar uende Dodoma. Mama yako ameniambia jana kwamba begi ulilifunga, ukalifungua, ukalisukuma uvunguni. Amesema ulisema, “Sipandi gari bila neno la baba.” Na hukusema kwa hasira, anasema, ulisema kama mtu anayesema ndani hakuna chumvi.

Juzi nilikupigia ili nikupe hilo neno. Ukasema shikamoo baba, nikaitika marahaba. Nikakuuliza habari za mbuzi. Ukasema mbuzi wazima. Nikakata simu. Mtu mzima, mvi zimeshaingia ndevuni, ana jambo moja tu la kumwambia mwanawe, anaulizia mbuzi. Ndipo nikanunua daftari.

Unajua niliishia darasa la tano pale Miteja, kwa hiyo soma polepole, na nilipokosea herufi rekebisha kimoyomoyo kama ulivyokuwa ukifanya na madaftari ya wadogo zako. Bakari, kijana wa hukohuko Kivinje ninayekata naye miwa msimu huu, atazipiga picha kurasa hizi na kuzituma kwenye simu ya mama yako, naye ameniahidi atakupa simu bila kuzifungua. Bakari ameapa kwamba hatasoma. Simwamini sana.

Mambo ya blanketi, upepo wa Dodoma, nani akupokee stendi na uweke wapi nauli, hayo mama yako ameshakwambia mara nne na kesho atakwambia mara ya tano. Mimi nina deni la maneno mengine.

Naanza na kazi yako, maana sikuwahi kukwambia kama naifahamu. Ninaifahamu. Kila mama yako alipopiga simu nilimuuliza, nikijifanya nauliza habari za shamba kwanza.

Wale watu wa utafiti walipokuja mwaka jana baada ya mfungo, walitaka kujua vijana wa pwani yetu wanafanya yapi yanayowaweka hatarini. Walikuwa na karatasi zao zimepigwa chapa vizuri. Mwenyekiti wa kitongoji akawakusanyia vijana darasani, akapanga madawati, akakaa mbele yeye, ustadhi wa madrasa na mgambo mmoja, ili vijana watulie. Vijana walitulia kweli. Umewahi kunywa pombe, hapana. Umewahi kuvuta bangi, hapana. Umewahi kulala na mtu, hapana, na wawili kati ya walioandika hapana walikuwa wameacha watoto wao nyumbani kwa bibi.

Yule mkubwa wao, Bi Tumaini, akauliza kama kuna mwenye la kusema. Ukasimama wewe. Mama yako alisimuliwa na watu watatu, kila mmoja kwa namna yake, lakini maneno yako wote waliyasema sawa.

“Bi Tumaini, hapa hata mngetuuliza kama tunakula samaki, tungesema hapana.”

Darasa zima likacheka, hata ustadhi. Mwenyekiti hakucheka. Bi Tumaini akakuuliza basi wafanyeje, nawe ukamjibu kwamba wawaulize kwanza ninyi namna ya kuwauliza.

Nilipoambiwa hayo nilikuwa nimekaa juu ya mzigo wa miwa, mweusi kwa masizi kuanzia kichwani, maana miwa huchomwa moto kabla hatujaikata. Nikawaambia wenzangu, binti yangu amewafundisha wasomi kazi. Wakasema, wa kwako huyuhuyu? Nikasema, wangu. Siku hiyo nilikata mstari na nusu badala ya mmoja.

Mkachaguliwa sita, wasichana watatu na wavulana watatu. Mkapewa zile karatasi mzipitie. Yapo maswali mliyoyarekebisha ambayo baba hawezi kumwandikia binti yake, lakini nilicheka. Kisha mkasema pana swali limekosekana. Karatasi iliuliza pombe, bangi, mapenzi, kamari, pikipiki. Haikuuliza baruti. Ofisini mkaambiwa baruti pwani hii ilikwisha, siku hizi hakuna anayelipua samaki, mambo hayo ni ya zamani. Nawe ukasema, “Kama imekwisha, kila mtu atajibu hapana. Tutapoteza nini?”

Swali likaingia. Hapo mimi sikucheka tena, na sababu utaisoma mbele.

Nimefikia zile korosho. Hii ndiyo hadithi niipendayo kuliko zote, na Bakari nimemsimulia mpaka ameniomba nipumzike.

Mlijua karatasi na kalamu zinawatisha watu, na wengine hawasomi. Mkabuni njia yenu. Chungu kinawekwa nyuma ya kanga iliyotundikwa. Kijana anapewa korosho moja ya ganda na kokwa moja ya ukwaju. Anasomewa swali, anaingia nyuma ya kanga peke yake. Kama jibu ni ndiyo anatia korosho, kama ni hapana anatia kokwa, iliyobaki anaitupa nje mchangani. Hakuna jina, hakuna mwandiko. Nasikia kijana mmoja alitia zote mbili, mkabishana nusu saa kama ni mwongo au anafanya siku moja moja.

Jioni moja mkachoka. Swali la mwisho lilikuwa hilo la baruti. Ukabeba chungu nyumbani ili mkahesabu asubuhi. Bibi yako akakikuta jikoni. Akaona korosho zimechanganyika na kokwa za ukwaju, akasema watoto wa siku hizi hawana mpangilio, akazichambua korosho zote, akazichoma, akazibangua, akatia chumvi, akawaita watoto wa jirani wakala pamoja. Asubuhi kwenye chungu zikabaki kokwa tupu. Kwa hesabu ya chungu kile, Kivinje nzima ni mawalii.

Ulipomweleza, bibi yako akashika kichwa. “Kumbe nimekula madhambi ya watoto wa watu,” akasema, “na utamu wake ule.”

Lakini ninalolipenda ni lililofuata. Mmoja wa wenzako, mama yako hakunitajia nani, akasema chungu kilikuwa karibu nusu kwa nusu, kila mtu alikiona, basi iandikwe nusu. Bi Tumaini alikuwa ameshasafiri, asingejua. Wewe ukasema hapana. Ukachukua kanga yako, ukazunguka Kivinje siku mbili na jua lile, ukamwomba kila kijana arudie. Wengine wakakutukana. Wengine wakataka soda. Mmoja akakuuliza kama bibi ameshiba safari hii. Ukarudi na chungu chako, ukalala nacho chumbani.

Mimi nimefanya kazi chini ya wanyapara wengi, Somoe. Nimeona watu wakiandika mizigo ambayo haikupimwa, na mimi mwenyewe nimeiandikisha. Sikujua nina mtoto anayerudia kazi iliyoharibika hata pale ambapo mkubwa wake asingejua.

Sasa nafika pale pagumu.

Baada ya kokwa na korosho, mliwaambia vijana kwamba mwenye kutaka kueleza zaidi aje akae na mmoja wenu, na hakuna jina litakalotoka. Waliokuja kwako walikuja wakakueleza. Mwenyekiti akapata habari kwamba swali la baruti limejibiwa ndiyo na wengi, wakati yeye wilayani alikuwa ameshasema kwenye kitongoji chake haipo. Akakuita, akataka majina. Ukakataa. Akampigia mama yako, mama yako akasema hayamhusu. Basi akatafuta namba yangu.

Alinikuta tumetoka shambani. Alizungumza kwa upole sana. Akasema, “Ndugu yangu, mwanao anaficha wahalifu. Leo nimemfichia mimi, kesho akija mwingine atamfunga. Mtoto wa kike akishaingia mahabusu, unajua mwenyewe.” Nikakupigia muda huohuo, kabla hata sijanawa.

Nataka tuyakumbuke maneno yetu kama yalivyokuwa, nisiyapambe. Nilikwambia, mpe mwenyekiti hayo majina, yaishe. Ukasema huwezi, uliwaahidi. Nikasema ahadi kwa wahuni si ahadi. Nikasema:

“Mimi ni baba yako.”

“Ndiyo, baba. Ndiyo maana sikudanganyi kwamba sina. Ninayo. Ila sitoi.”

Nikasema kama hutoi, basi radhi yangu huna, uende unakokwenda bila radhi ya baba. Nikakata.

Neno hilo halitamkwi ovyo kwetu. Baba yangu hakuwahi kulitamka, hata mwaka nilioiacha mikorosho yake na kukimbilia baharini. Mimi nilikutamkia wewe kwa simu, nikiwa na masizi mdomoni, kwa sababu ya mtu aliyekuwa akilinda kiti chake. Miezi kumi imepita. Umeendelea kuniamkia, umeendelea kunitumia salamu za Idi, na kila mara mimi nimeitika kama mtu wa ofisini.

Ulidhani nilikasirika kwa sababu hukunitii. Hilo lilikuwepo. Lakini lilikuwa juu juu, kama povu. Chini yake palikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya mahabusu.

Unaujua mkono wangu wa kushoto. Mliuliza mkiwa wadogo vidole viwili vilikwenda wapi, nikawaambia vilikatwa na mkanda wa mashine ya kusaga. Mama yako nilimwambia hivyohivyo nilipomposa. Hakuna mashine, Somoe. Havikukatwa na mkanda.

Nilikuwa na umri kama wako sasa. Nilitoka Miteja nikaja Kivinje, na kutoka Kivinje tukaenda dago, kupiga kambi ufukweni karibu na Mchinga, tuvue huko mpaka samaki waadimike. Nilikuwa na rafiki, Mfaume, mwenyeji wa Mchinga, mcheshi, alikuwa akinitania kwamba watu wa Miteja tunavua kwa jembe. Samaki walipungua. Wenzetu wa kambi ya pili wakaanza kupiga baruti, wanarudi mitumbwi imejaa. Tukajifunza. Tulipiga wiki tatu, na wiki tatu hizo tulikuwa wafalme. Nilinunua redio.

Siku ya mwisho mimi niliwasha chupa ya baruti, Mfaume akapokea ili arushe. Ikalipuka ikiwa mkononi mwake, mimi nikiwa bado nimeishika chini. Mimi vidole viwili. Yeye ilimpata usoni.

Tukambeba mpaka zahanati. Pale mlangoni palikuwa na mgambo, alikuja na mgonjwa wake mwenyewe, hata hakuwa na habari nasi. Tabibu akatoka, akaniuliza mbele ya yule mgambo, imekuwaje? Nikaona sare. Nikasema jiko la mafuta ya taa limelipuka.

Kwa hiyo wakamtibu mtu aliyeungua na jiko. Walimwosha, walimpaka dawa, walimfunga. Hakuna aliyetafuta vigae vya chupa ndani ya macho, maana jiko halina chupa. Mfaume alikuwa hawezi kusema. Siku ya tatu alipoweza, nilikuja kusikia, akasema kweli, wakamkimbiza Lindi, na Lindi wakasema mngemleta siku ya kwanza.

Mimi siku hiyo ya tatu sikuwepo. Nilishakimbia. Nilirudi Kivinje na kitambaa mkononi na hadithi ya mkanda. Mfaume ni kipofu mpaka leo, na hakunitaja kwa mtu yeyote, maana hakuna aliyewahi kunitafuta. Sijarudi Mchinga. Hata basi la Lindi nikiwa ndani yake, likifika pale naangalia upande wa pili.

Nimelifikiria swali la yule tabibu miaka yote hii. Lilikuwa swali zuri kabisa. Mtu aliyeliuliza alitaka kusaidia. Ila niliulizwa mlangoni, mbele ya sare, nikajibu kama alivyojibu kila kijana katika lile darasa lenu. Angenivuta pembeni hatua sita tu, sijui. Labda ningesema. Labda nisingesema, nilikuwa mwoga. Lakini niliposikia umesimama mbele ya mwenyekiti na ustadhi na mgambo ukasema hapa hata samaki tungekataa kwamba tunawala, nilijua kwamba mtoto wa kidato cha nne ameliona jambo ambalo baba yake amelilipia kwa macho ya rafiki yake.

Na hapo ndipo hofu ilipo. Kabla ya korosho, ninyi sita mligawanywa kwenda vijijini kuzungumza na watu walioumia zamani, ili mjue maswali yaulizweje. Mama yako akaniambia wewe umepelekwa Mchinga, wiki mbili. Nilikosa usingizi. Mchinga si mji mkubwa, na vipofu wa baruti si wengi.

Uliporudi hukusema lolote. Mama yako alikuuliza kulikuwaje, ukasema watu wakarimu, walikupa nazi. Basi. Lakini Ijumaa iliyofuata ulinipigia, na baada ya salamu ukaniuliza, “Baba, mkono huwa unauma wakati wa mvua?” Hujawahi kuniuliza hilo tangu uzaliwe. Nikasema kidogo. Ukasema pole baba.

Sikuulizi kama ulimkuta. Najua hata nikiuliza hutaniambia, na ujue kwamba ninapoandika hivi natabasamu. Lakini kama ulimkuta, na kama alikueleza ya Selemani wa Miteja, basi siku ile nilipokuamuru utoe majina ya watoto wa wenzangu, ulikuwa umelibeba na la kwangu. Ungeweza kunijibu kwa neno moja tu. Ningenyamaza milele. Badala yake ukasema ndiyo baba, ila sitoi, ukaacha nikutamkie lile neno baya.

Mimi nilimtelekeza rafiki kwa kuogopa sare. Wewe ulimsitiri hata aliyekuwa akikufokea. Mtoto amemzidi baba, na baba anafurahi, ingawa amechelewa kusema.

Nilichelewa kwa kiburi, lakini aliyenifungua macho ni Bakari. Alifika hapa mwanzoni mwa msimu, tukapangwa mistari ya jirani. Siku ya kwanza aliposikia ninatoka Kivinje akauliza nyumba gani, nikamwambia. Akasimamisha panga.

“Wewe ndiye baba yake Somoe wa maswali?”

Nikasema ndimi. Akaniamkia upya, kwa mikono miwili. Sikumuuliza kitu. Yeye mwenyewe, baada ya wiki kama mbili, tukiwa tumekaa tunakula, akasema alikuwa mmoja wa waliokuja kukaa nawe. Hilo ni lake, amelisema mwenyewe, na ameniruhusu nikuandikie, kwa hiyo wewe hujavunja ahadi. Alisema alikuja ili akucheke tu, kijana wa baruti akuone binti wa daftari utauliza nini. Wewe ukamuuliza ni lini mara ya mwisho aliogopa. Akasema kwanza aliona aibu, kisha akazungumza mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na tangu siku hiyo hajaweza tena kuishika chupa ya baruti.

Nikamuuliza, na kama Somoe angekutaja kwa mwenyekiti? Akaangalia miwa, akasema, “Mzee, ningekimbilia dago. Na huko ningeendelea, kwa hasira.”

Halafu akaendelea kula. Nikabaki nakiangalia kiganja chake kinavyomega ugali. Vidole kumi. Nilivihesabu, Somoe, kama mtu anayehesabu vya mtoto mchanga.

Ndiye aliyenisimulia pia ule mkutano wa wilaya, mlipokwenda ninyi sita kuyasoma majibu mbele ya wakubwa. Kwamba hamkutaja mtu wala kitongoji, na mwenyekiti alitoka jasho bure. Kwamba mkaomba jambo dogo tu: muuguzi akae siku moja kwa wiki chumba cha nyuma cha zahanati, bila sare, bila daftari la majina, bila mzee mlangoni. Na kwamba wamekubali. Wengine watasema ni kidogo. Mimi najua thamani ya mlango usio na mgambo.

Sasa wale watu wa utafiti wamekuita Dodoma ukae mwaka mzima mezani pao, mtunge maswali ya kwenda kuwauliza vijana wa wilaya nyingine. Utakaa na watu wenye shahada nyingi. Sina la kukufundisha kuhusu hao. Ninaloweza kukwambia ni lile ninalolijua mimi, na ni kidogo.

Itafika siku mtaharakishwa, na mtu mwema kabisa atasema andika nusu. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa amechoka, kama mimi ninavyochoka, na uchovu unajua kuongea kwa sauti ya busara. Siku hiyo nenda ukanywe maji kwanza.

Na utakutana na vijana watakaokudanganya usoni, mchana kweupe. Usiwachukie haraka. Wengi tunadanganya kwa sababu ya nani kasimama nyuma ya mwulizaji. Mimi ni mmoja wao, na nilikulea.

Na wewe pia utakosea. Hili nalisema kwa sababu nakuona jinsi unavyojibana. Ukikosea, usikimbie kabla ya siku ya tatu. Ningekuwa nimekaa pale zahanati nikasema kweli hata kwa kuchelewa, Mfaume angepoteza macho pengine, lakini asingepoteza na rafiki.

Msimu ukiisha nitapitiliza mpaka Mchinga kabla sijafika nyumbani. Sijui nitasema nini. Nimejaribu kujizoeza huku mistarini, Bakari akisikia ananiuliza naongea na nani. Pengine Mfaume atanifukuza, ni haki yake. Pengine atauliza kama watu wa Miteja bado tunavua kwa jembe. Mama yako nitamweleza mwenyewe, ana kwa ana. Usimwambie wewe. Najua hutamwambia.

Nimeandika kurasa zote hizi na lile ulilolisubiri bado. Basi lisome taratibu.

Mimi Selemani bin Athumani, baba yako, neno nililokutamkia miezi kumi iliyopita nimelifuta mbele ya Mungu. Lilikuwa kosa langu, si lako. Radhi yangu unayo, yote, ya tangu siku uliyozaliwa mpaka siku nitakayozikwa, na hakuna jambo ulilolifanya katika kazi hii ambalo halikunipa fahari. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akulinde ugenini, akupe wenzako wa kweli. Na mimi naomba radhi kwako. Mzazi kwetu haombi radhi kwa mtoto, najua, bibi yako akisikia atasema miwa imenilevya. Naomba hivyohivyo.

Usinijibu. Litoe begi uvunguni. Gari likishaondoka na wewe ndani, mama yako anibipu mara moja tu, nitakuwa shambani na simu iko kwenye mfuko wa shati. Ikitetemeka nitaweka panga chini, niwaambie walio kushoto na kulia kwangu kwamba binti yangu ameshaondoka kwenda kazini.

Baba yako,
Selemani